Marehemu Anaomba Kuuza Nyumba

Sehemu ya Saba

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa vitumbua kabla hujalisoma, nitakukumbusha kwa ufupi, maana mkosi wangu ni mrefu na nafasi niliyopewa ni fupi.

Mimi ni Kefa Malogo, mtunza stoo wa zamani wa shirika la umma ambalo siku hizi si la umma na wala si shirika. Walipotupunguza kazini walitupa barua ya shukrani na kalenda ya mwaka uliokuwa umeshapita. Wakati huo, kwa busara zangu, nilikuwa nimekwishaiweka rehani nyumba yangu ya Chang'ombe hapa Dodoma, nikachukua mkopo benki na kupanda zabibu kwenye shamba la mama yangu kule Hombolo.

Zabibu zilipokomaa, kiwanda kilichokuwa kikizinunua kikapata mwekezaji. Mwekezaji akafunga geti ili afikirie. Bado anafikiria, na ndege wa Hombolo wananenepa.

Benki nayo haikubaki nyuma. Ilivunjwa, na madeni yake mabaya yakahamishiwa Dar es Salaam kwenye ofisi moja inayoitwa Ofisi ya Madeni Sugu. Mimi bahari sijawahi kuiona, lakini deni langu liko huko linapunga upepo na kuzaa riba.

Wiki iliyopita nilikuacha pale nilipompata mnunuzi wa nyumba. Ni Mzee Wambura, karani mstaafu wa Bunge, anayetaka nyumba ya kupangisha wageni wakati wa vikao. Bei yake ni nzuri, ila haifikii deni. Kwa hiyo ilibidi niiombe Ofisi ya Madeni kibali: niuze kwa bei hiyo, wachukue pesa yote, waachie hati, na kinachobaki wakisamehe.

Wakikataa, nyumba inakwenda mnadani. Kitakachopungua huko mnadani kitafuatwa kwenye shamba la mama, kwa sababu nalo niliwaandikia kama dhamana ya pili. Mama alitia dole gumba mwenyewe. Aliniuliza, "Hii ni ya nini, Kefa?" Nikamjibu, "Ni ya maendeleo, mama."

Mzee Wambura alinipa muda. "Jumamosi saa kumi jioni nakuja," alisema. "Ukiwa na kibali, nalipa. Ukiwa huna, kuna nyumba nimeiona Mkonze, na mwenyewe hana maneno mengi kama wewe."

Tuendelee.

Kuwasiliana na Ofisi ya Madeni ni kazi inayohitaji afya njema. Barua yangu ya kwanza walinijibu nitume nakala ya hati ya nyumba. Hati yenyewe wanayo wao, imelala kwenye kabati lao, lakini nilituma nakala ili wasikae wapweke.

Barua ya pili wakataka tathmini ya nyumba. Nikamlipa mthamini, nikatuma. Ya tatu wakasema tathmini imepitwa na wakati. Ilikuwa imezeekea mezani kwao.

Ya nne ndiyo ilinifurahisha zaidi. Walitaka nieleze kwa maandishi, katika ukurasa usiozidi mmoja, kwa nini sina pesa. Nilikaa siku tatu nikijaribu kuufupisha umaskini wangu. Nikaeleza kazi, zabibu, kiwanda, ndege, nikafika mwisho wa ukurasa kabla sijamaliza hata ndege.

Baada ya hapo kukawa kimya. Nikanunua kadi ya simu na kwenda kwenye kibanda pale mjini, nikapanga foleni nyuma ya wanafunzi wanaoongea na wachumba.

"Ofisi ya Madeni," akajibu dada mmoja.

"Naulizia faili la Kefa Malogo wa Dodoma. Lile la kuuza nyumba."

"Subiri."

Nikasubiri. Uniti zikawa zinashuka huku naziangalia.

"Faili lako liko kwa Bwana Anyitike."

"Naomba niongee naye."

"Yuko semina."

"Semina ya nini, dada?"

"Ya huduma kwa wateja," akasema, akakata.

Hayo yalikuwa Ijumaa. Jumatatu iliyofuata ndiyo barua yao ikafika, nzito, yenye mhuri mwekundu. Raheli mke wangu aliipokea, akaigeuzageuza, akanipa bila kuifungua. Alisema hakuifungua kwa sababu haikuandikwa jina langu peke yake.

Ilikuwa imeandikwa hivi: *Msimamizi wa Mirathi, Marehemu Kefa Malogo, Dodoma.*

Nikadhani macho yangu yana tatizo. Nikaifungua. Ndani: *Yahusu maombi ya marehemu ya kuuza nyumba chini ya thamani ya deni. Rejea barua ya marehemu ya tarehe tisa mwezi huu. Ofisi imepokea kwa masikitiko taarifa ya kifo cha mteja wetu. Kwa sababu hiyo maombi yake yamesitishwa hadi taratibu zitakapokamilika. Tunawapa pole wafiwa.*

Barua yenyewe ilisema ofisi iliarifiwa kifo changu tarehe mbili. Maana yake niliwaandikia nikiwa kaburini siku ya saba, na hawakuona ajabu yoyote. Waliipa barua hiyo namba na kuiweka kwenye faili.

Raheli aliisoma begani kwangu. "Umekufa lini?" akauliza.

"Tarehe mbili, au kabla."

"Basi kabla hujazikwa, bomba linatoka. Nenda kachote maji."

Nilichota maji. Kisha nikaenda mjini kwenye lile jengo la benki ya zamani, ambako limebaki dawati moja, na kwenye dawati hilo amebaki Mama Evelina. Yeye ni mtu wa miaka mingi pale. Kazi yake siku hizi ni kupokea barua za Dar na kuwaambia watu wasilie ndani ya ofisi.

"Shikamoo, Mama Evelina."

"Marahaba, Kefa. Karibu." Akaniangalia vizuri. "Ngoja kwanza. Si nasikia umefariki?"

"Ndicho kilichonileta."

Akatoa nakala ya faili langu, akavaa miwani. Ndani kulikuwa na taarifa ya mkaguzi mmoja, Brighton, kijana aliyetumwa kutoka Dar kuja kuangalia nyumba za wadaiwa. Mama Evelina akanisomea taratibu, kwa sauti ya kusoma tangazo la ndoa kanisani:

"*Nilifika nyumbani kwa mkopaji Chang'ombe, sikumkuta. Jirani yake, Bwana Shaaban, fundi cherehani, alinijulisha kwamba mkopaji amefariki, na kwamba yeye mwenyewe alishiriki kumzika. Alisema sanda ya marehemu aliishona yeye na hadi leo hajalipwa. Jirani alionekana kuguswa sana.*"

Nikafumba macho. Nilikuwa nimeshaelewa kila kitu.

Msomaji wangu, kama hukukulia huku kwetu, nikueleze. Mimi ni Mgogo. Shaaban ni Mnyamwezi wa Tabora. Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu babu zao walipokuwa wakipita hapa na mizigo kichwani na babu zetu wakiwatoza ushuru wa maji. Mtani ana haki ya kunitukana mbele za watu, kuchukua kuku wangu, na kunitangaza maiti asubuhi na mapema, nami ni wajibu wangu kucheka. Shaaban ameshanizika mara nyingi. Mwaka juzi alinizika mbele ya mchungaji.

Tatizo ni kwamba kijana wa Dar hakujua kama pale pana utani. Alikuwa na fomu.

Nilimkuta Shaaban barazani kwake, mguu juu ya cherehani, pini mdomoni.

"Shaaban, umenizika tena."

"Lini?"

"Tarehe mbili. Kwa kijana mwenye tai."

Akazitoa pini mdomoni, akaanza kucheka mpaka akashika mguu wa cherehani. "Yule? Aliniuliza, 'Kefa yupo?' Nikamwambia, 'Yule Mgogo? Tumemfukia juzi, amekufa na madeni yake, hata sanda yangu hajalipa.' Akasema pole. Nikasema asante. Akaandika. Nikajua ni ndugu yako wa mjini, anatafuta la kwenda kuchekea."

"Ni mtu wa benki, Shaaban. Ameipeleka Dar. Wamesitisha kibali changu. Jumamosi Wambura anakwenda kununua nyumba ya Mkonze, mimi nanadiwa, na shamba la mama linafuata."

Kicheko kikamtoka usoni. Namjua Shaaban miaka kumi na minne na sikuwahi kumuona hivyo. Akaokota zile pini moja moja akazirudisha kwenye kopo.

"Basi mtani wako amekuua kweli," akasema. "Niambie nifanye nini nitafanya."

Nikamwambia kwanza anikopeshe kadi ya simu, maana yangu iliishia kwenye semina.

Safari hii Bwana Anyitike alikuwepo. Alikuwa na sauti ya upole, ya mtu aliyetoka kufundishwa huduma kwa wateja.

"Napiga kuhusu Kefa Malogo wa Dodoma," nikasema.

"Ooh. Poleni sana. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Safari hii makosa yapo. Taarifa ile si ya kweli."

"Naelewa. Wafiwa wengi hukataa kuamini mwanzoni." Nikasikia anafunua karatasi. "Ila usikate tamaa, ndugu yangu. Mkopo wa marehemu ulikatiwa bima zamani zile za benki. Faili tumelipeleka kwa watu wa bima. Wakithibitisha tu kwamba amefariki, deni linafutwa lote."

Nikabadilisha mkono wa kushikia simu. "Lote?"

"Lote na riba yake. Nyumba inabaki kwa mjane, na lile shamba la bibi linaachiwa. Hakuna cha kuuza, hakuna cha mnada."

Nyuma yangu mwanafunzi mmoja alikuwa anagonga kioo cha kibanda kwa sarafu.

"Na kama ikionekana yuko hai?" nikauliza.

"Hapo tunarudi mwanzo. Alete hati ya kiapo cha mahakama kwamba yuko hai, yenye picha na shahidi. Kisha maombi yake ya kuuza yaanze upya, kuanzia barua ya kwanza." Akasita. "Samahani, sikukuuliza. Wewe ni nani wa marehemu?"

Kadi ya Shaaban ikaisha hapo hapo. Siku zote huwa nazilaani kadi za simu, lakini ile niliibusu.

Nilimwambia Raheli jioni tukiwa tunakula. Sikumficha neno hata moja. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka tonge chini.

"Kwa hiyo ukiwa hai, tunapoteza nyumba, na shamba la mama linaweza kufuata."

"Ndiyo."

"Ukiwa umekufa, tunabaki na vyote."

"Ndiyo."

"Na wewe mwenyewe bado unabaki, unakula kama hivi?"

"Ndivyo ilivyo."

Akatazama dari muda mrefu, kama anayepiga hesabu. Mimi nilikuwa naziogopa hesabu zile, maana hakuna mahali zilipokuwa zinanihitaji. Mwisho akatikisa kichwa.

"Mimi naimba kwaya, Kefa. Siwezi kumlilia mtu anayeniuliza chumvi iko wapi. Na siku ukifa kweli nitalia na nini? Nenda ukaape kwamba uko hai."

Nikasema sawa. Nakiri kwako msomaji, kwa sababu kukiri ndiyo kazi niliyopewa hapa gazetini, kwamba nilisema sawa kwa mdomo tu. Usiku ule nililala chali nikijaribu jinsi itakavyokuwa kuwa marehemu mwenye nyumba, na haikuwa mbaya.

Lakini Alhamisi nilikwenda mahakamani. Karani akapiga chapa: *Mimi, Kefa Malogo, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa na kuthibitisha kwamba niko hai.* Akauliza nani ananifahamu. Shaaban akasogea, amevaa kanzu safi.

"Unamfahamu huyu?"

"Namfahamu. Tangu afe amenenepa."

Karani akainua uso. Nikamkanyaga Shaaban mguu. Akasema, "Namfahamu, ni jirani yangu, yuko hai," akatia sahihi kwa adabu. Mhuri ukagongwa. Nikawa hai kisheria kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, maana hata cheti cha kuzaliwa sina.

Ijumaa nzima nilishinda kwenye duka la faksi. Ya Dar ilikuwa haishiki. Ikishika, inatoa karatasi kisha inasema imekwama. Mwenye duka akanishauri nirudi Jumatatu. Nikaikunja ile hati ya kiapo mara nne, nikaitia mfuko wa shati, nikarudi nayo nyumbani.

Jumamosi adhuhuri nilikuwa nyuma ya nyumba, natengeneza banda la kuku, niliposikia kilio.

Si cha mtu mmoja. Kilikuwa cha wanawake wengi, kinatoka barabarani na kinakuja, na kilikuwa kinalia kwa Kigogo. Nikasikia jina langu ndani yake.

Nikazunguka mbele. Walikuwa wameshafika uani: shangazi zangu wawili, akina mama wa kanisa la Hombolo kama tisa, mbuzi mmoja, debe la unga. Na mbele yao mama yangu, amejifunga kaniki, anashikiliwa huku na huku.

Nilisimama na nyundo mkononi. Kilio kikakatika kama mtu amezima redio. Shangazi mmoja akakaa chini pale pale.

Mama hakupiga kelele. Alinijia taratibu, akanishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa masikio, shingo, mabega, kama anavyopapasa mbuzi wa kununua. Kisha akavua kitambaa cha kichwa. Alikuwa amenyoa nywele zote.

"Alikuja kijana juzi na gari," akasema. "Akanipa pole. Akasema nitie dole kwamba mimi ni mama wa marehemu. Nikauliza amezikwa wapi, akasema Chang'ombe, zamani. Nikasema wamemzika mwanangu bila mimi. Nikanyoa."

Msomaji, wiki saba zote nimekuwa nikikuchekesha kwa mikosi yangu. Kwa hilo sina utani. Nilitazama kile kichwa chenye mvi fupi na michubuko miwili ya wembe, na nilijiona mtu duni kuliko wote waliowahi kukopa. Tangu Jumatatu nilijua nimekufa, na haikunijia akilini hata mara moja kwamba kuna mtu angenilia.

Raheli akampeleka ndani, akamkalisha mkekani, akampa maji. Nikapiga magoti mbele yake nikamweleza yote: deni, Shaaban, bima. Mama hakusoma, lakini hahitaji kuambiwa jambo mara mbili.

"Kwa hiyo ukiwa umekufa, shamba langu linabaki," akasema.

"Linabaki, mama."

"Na ukiwa hai?"

"Wanaweza kulichukua. Lakini kiapo ninacho hapa mfukoni. Nimeapa kwamba niko hai, na nitawapa."

Alikuwa anatazama dole gumba lake, bado lina wino wa zambarau.

Nje, Shaaban alikuwa ameshasikia kilio na akaja kutimiza wajibu. Mtani hawezi kuacha msiba upite, hata kama maiti anampa kiti. Alikuja na jembe begani, amevaa shati langu la zamani aliloliiba kwenye kamba, akaanza kutembea kama ninavyotembea mimi, kifua mbele, mkono mmoja mfukoni. "Nipeni ujira wangu wa kaburi," akawa anasema, "maana Mgogo huyu alikuwa mrefu, ardhi ilikuwa ngumu." Akina mama wa Hombolo, waliotoka kulia, wakaanza kucheka na kufuta machozi kwa wakati mmoja. Nadhani alikuwa anaomba radhi kwa namna anayoijua.

Ikawa inakaribia saa tisa na nusu. Ndipo gari likasimama barabarani, akashuka kijana mwenye tai.

Alikuwa Brighton mwenyewe. Sikuwahi kumuona. Kijana msafi, mfuko wa karatasi kwapani, uso ameutayarisha kwa msiba. Akasimama getini akatazama: wanawake wamekaa chini na kaniki, debe la unga, mbuzi, mtu mwenye jembe anamwigiza marehemu na kudai ujira. Akatoa kalamu akaandika jambo, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mbukwenyi," akawasalimia akina mama. Alikuwa amejifunza neno moja la Kigogo, na alilitamka vizuri. Nikajikuta nashindwa kumchukia.

Mama akatoka ndani, Raheli nyuma yake. Brighton akainama. "Shikamoo, bibi. Pole tena."

"Marahaba."

"Mama mjane, pole sana. Watu wa bima wamekubali. Imebaki sahihi yako hapa chini tu, Jumatatu deni linafutwa." Akamkabidhi Raheli fomu na kalamu. Raheli akazipokea, naona hata yeye hakujua kwa nini amezipokea.

Kisha Brighton akanigeukia mimi. "Shikamoo, mzee. Samahani, wewe ni nani wa marehemu?"

Nikatia mkono mfuko wa shati. Vidole vyangu vikaigusa hati ya kiapo. Nilikuwa nimeshaishika pembeni, naivuta.

"Ni mdogo wake," mama akasema.

Mama yangu ni mzee wa kanisa. Nilipokuwa mdogo aliwahi kunichapa kwa kusema nimeoga. Sijawahi kumsikia akidanganya, na alisema maneno yale akiwa amemtazama Brighton usoni, kichwa wazi kilichonyolewa.

"Mnafanana naye?" akauliza Brighton.

"Pacha," akadakia Shaaban, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa anacheka.

"Basi utashuhudia sahihi ya mama mjane," Brighton akaniambia. "Jina lako nani?"

Raheli alikuwa ameiweka fomu juu ya debe la unga, ncha ya kalamu imegusa mstari ulioandikwa *Mjane*. Akainua macho akanitazama. Mkono wangu ulikuwa bado mfukoni. Mama akausogelea, akaushika kwa nje ya shati, akaubana usitoke.

Geti likalia. Watu waliozoea Bunge huwahi kikaoni.

"Hodi hapa," ikasema sauti ya Mzee Wambura. "Kefa, pesa zako nimekuja nazo. Kibali kimetoka?"

Brighton akaacha kuandika. Akatazama getini, kisha akanigeukia mimi.